Kabla ya kupiga plasta jengo la vita Mombasa

Jengo la zege la miaka ya 1940 lililopigwa plasta mpya na kupakwa rangi nyeupe hunitia wasiwasi kuliko lililoachwa na nyufa zake. Nyufa angalau husema kinachoendelea ndani.

Aprili 1942, katika Vita vya Pili vya Dunia, Wajapani waliishambulia Colombo (Sri Lanka), na meli za kivita za Waingereza zilizokuwa Bahari ya Hindi zikahamishia kituo chao Kilindini, bandari ya Mombasa. Ulinzi wa pwani wa enzi hizo ulitegemea zege lenye nondo, nalo halifi kama Fort Jesus, iliyojengwa 1593 hadi 1596 kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kule chumvi hula uso wa jiwe. Huku hufuata nondo.

Zege zima lina ualkali mkali, pH (kipimo cha asidi na alkali) 12 hadi 13, na huo ndio ngao ya chuma. Hewa ya kaboni dioksidi ikipenya, ualkali hushuka. Kloridi ya chumvi ni mbaya zaidi, kwa kuwa hutoboa ngao hata kama ualkali ungali juu. Kusi likivuma, rasharasha za bahari hulowesha kuta zinazoitazama. Kutu hutanuka mara 2 hadi 6 ya chuma kilicholiwa, ndipo zege hubanduka. Plasta huficha tu, tena hufungia unyevu.

Anza kwa kugonga ukuta wote kwa nyundo ndogo na kuzungushia chaki kila penye mlio mtupu. Kisha banja kipande, upulizie fenolftalini, kemikali inayoonyesha ualkali kwa rangi, papo hapo: pinki ina maana ualkali upo, bila rangi umeshuka chini ya pH 9 hivi. Wengi huishia hapo, ilhali pinki haisemi lolote kuhusu chumvi. Kusanya unga wa kutoboa kwa tabaka, milimita 0–20, 20–40 na 40–60, kila tabaka mfuko wake, upeleke maabara. Kloridi ikizidi takribani asilimia 0.4 ya uzito wa saruji kwenye kina cha nondo, kiraka peke yake hakifai. Na kiwango kikiwa kilekile hadi ndani kabisa, shuku kwamba zege lilichanganywa kwa mchanga wa ufuoni.

Kiraka kina hila yake. Nondo iliyo ndani ya kiraka hutulia, lakini ile ya pembeni, iliyobaki kwenye zege la chumvi, huanza kuliwa kwa kasi. Baada ya muda hutokea pete ya nyufa kukizunguka kiraka, na fundi hulaumu saruji. Kwa hiyo kata kingo wima, angalau milimita 10. Chimba mpaka milimita 20 nyuma ya nondo. Sugua kutu yote, uoshe kwa maji ya bomba (visima vingi vya kisiwani vina chumvi). Fungia vipande vya zinki kwenye nondo, karibu na ukingo, ili viliwe badala yake. Mchanganyiko wa kujazia usiwe mgumu kuliko zege la zamani. Funika kwa magunia mabichi siku 7, hasa wakati wa kaskazi.

Alama za mbao za fomu (zilizoshikilia zege likiwa bichi), mabaki ya rangi za kujifichia na maandishi ya askari yaache yalivyo. Duara la bolti zilizoshikilia mzinga lipimwe na kupigwa picha mapema: idadi na nafasi zake husaidia kutambua ni mzinga wa aina gani, na wakusanya chuma chakavu hawangoji. Matundu ya kulengea yasizibwe kwa matofali. Wavu wa chuma kisichoshika kutu huzuia watu na kupitisha hewa. Mkuyu ulioota kwenye ufa ukiung'oa utatoka na zege. Ukate, upake kisiki dawa.

Yote hayo ni bure kiwanja kikiuzwa. Sheria ya Kenya ya Makavazi na Turathi ya 2006, kifungu cha 25, humruhusu Waziri kutangaza jengo kuwa kumbukumbu ya kihistoria kwa ilani katika Gazeti Rasmi, pamoja na ardhi inayolizunguka. Ombi liandamane na ramani ya mpima ardhi inayoonyesha mpaka huo, njia ya kuingilia ikiwemo. Jengo la ulinzi wa bandari lazima lione bahari, hivyo mpaka usiishie ukutani, la sivyo ghorofa litasimama mbele ya tundu la mzinga bila kuvunja sheria yoyote.