Kompyuta ya maktaba isimkumbuke mtu

Umeme ulikatika mchana, mwalimu mmoja mstaafu akiwa katikati ya kufuatilia mafao yake kwenye kompyuta iliyo karibu na dirisha. Alisubiri nusu saa, akachoka, akaaga. Umeme uliporudi, binti aliyekuja kuomba mkopo wa chuo alikaa kiti kile kile na kufungua Firefox. Punde akaniita: "Kaka, njoo uone, hii imeili siyo yangu." Kivinjari kilikuwa kimerudisha kurasa zote za mzee. Barua iliyokuwa wazi ilikuwa na picha ya kitambulisho chake cha taifa na namba ya akaunti ya benki.

Mzee hakukosea. Niliyekosea ni mimi ninayesimamia kompyuta hizi. Kivinjari kimetengenezewa mtu mwenye mashine yake: kikizimika ghafla, humwekea pale alipofikia ili akirudi aendelee. Maktabani anayerudi ni mtu mwingine. Tangu siku ile, kabla ya kuzuia chochote najiuliza: kikiachwa, kitamwonyesha anayefuata mambo ya aliyetangulia?

Firefox, tangu toleo la 60 la mwaka 2018, husoma faili la sheria za msimamizi liitwalo policies.json. Kwenye Windows unaliweka katika folda ya distribution, ndani ya folda ilimosakinishwa Firefox yenyewe. Ukishaandika humo, msomaji hawezi kubadilisha, mradi akaunti anayotumia haina mamlaka ya msimamizi. Mimi nimekizuia kivinjari kisiulize kuhifadhi paswedi wala kisikumbuke yaliyojazwa kwenye fomu, maana mtu akiandika 07 tu, namba za simu za waliomtangulia zinajipanga chini yake. Nimefunga pia kuongeza viendelezi, zile programu ndogo za kupachika kwenye kivinjari, kwa sababu vingi huomba ruhusa ya kusoma kila ukurasa unaofunguliwa, na kimoja kikibaki kitawasoma wote watakaokuja. Ule urejeshaji wa kurasa baada ya kuzimika nao nimeuzima, na kivinjari hufunguka katika hali ya faragha siku zote.

Hali hiyo ya faragha watu wengi huielewa vibaya. Haimfichi mtu kwa mwenye mtandao wala kwa tovuti anayoingia. Inasahau tu, tena mpaka madirisha yake yote yafungwe. Anayenyanyuka na kuacha dirisha wazi bado ameacha mlango wazi, kwa hiyo dakika kumi zikipita bila mtu kugusa kitu, nimeipanga Windows ifunge akaunti na madirisha yake yote.

Halafu kuna mafaili. Hali ya faragha haifuti kitu kilichopakuliwa. Vyeti vya kuzaliwa na barua za ajira hubaki kwenye folda kama kawaida. Mwanzoni nilizuia kupakua kabisa, nikaona nimemaliza kazi. Wiki ile ile waombaji wa mkopo walikwama mbele yangu: fomu lazima ishushwe, iprintiwe, isainiwe, iskaniwe, irudishwe mtandaoni. Nilikuwa nimewafungia kile hasa kilichowaleta, na baadhi yao walikuwa wametoka mbali. Nikaondoa zuio siku hiyo hiyo. Sasa kila mtu anapakua, na folda hufutwa akaunti inapofungwa.

Kwa sababu hiyo hiyo sijafunga zana za watengenezaji wa tovuti, zile zinazofunguka kwa F12 na kuonyesha msimbo wa ukurasa. Wenzangu wengi huzifunga kwa hofu kwamba mtu anaweza kugeuza vile vidoto vya paswedi vikasomeka. Kweli inawezekana, ila paswedi iwe tayari imo kwenye kisanduku chake, na kwa kawaida anayeijaza humo bila mwenyewe kuwepo ni kivinjari kilichoihifadhi. Hapa haihifadhiwi. Na nina vijana wawili wanaojifunza kutengeneza tovuti ambao hawana kompyuta nyingine zaidi ya hizi.

Tovuti za ngono sizizuii kwa kuorodhesha majina, hutayamaliza. Ruta yetu inatumia DNS, yaani huduma inayotafuta anwani ya namba ya kila jina la tovuti, ya 1.1.1.3 ya kampuni ya Cloudflare, inayokataa hizo pamoja na tovuti zenye virusi. Lakini Firefox ina DNS yake iliyosimbwa, inayoweza kuikwepa ile ya ruta, hivyo hiyo lazima ifungwe kwenye faili lile lile.

Kila Jumatatu kabla hatujafungua, naandika about:policies kwenye upau wa anwani nione kama kuna sheria yenye hitilafu. Kisha naingia kwenye imeili ya majaribio, nafungua barua, nachomoa waya wa umeme ukutani. Nikiuchomeka tena na kuwasha, nataka nione ukurasa wa mwanzo mtupu.