Mwajemi, Mwirani na mambo tunayoyachanganya

Kila Iran inapotajwa kwenye taarifa ya habari, hakosi mtu kijiweni wa kuanza na "wale Waarabu". Wakitajwa Wairani wanaoishi nje, ndiyo kabisa: kwa wengine ni matajiri waliokimbia na dhahabu ya Shah, mfalme aliyepinduliwa katika mapinduzi ya 1979, kwa wengine ni watu wa msikitini waliokosea njia. Hebu tuzipitie dhana hizi, ingawa uzito wake haulingani.

Dhana: Wairani ni Waarabu wa upande wa pili wa Ghuba

Lugha yetu yenyewe inakataa. Jina la zamani la nchi ile kwa Kiswahili ni Uajemi, nalo linatokana na neno la Kiarabu ajam, yaani wasio Waarabu. Ukisema Mwajemi ni Mwarabu, umesema asiye Mwarabu ni Mwarabu. Kiajemi huandikwa kwa herufi za Kiarabu, zikaongezwa nne za p, ch, zh na g, lakini ndugu zake ni Kikurdi na, kwa mbali, Kihindi. Nahodha, bandari, pamba na dirisha tumevipata huko. Na Kuwait na Bahrain wapo raia waitwao Ajam mpaka leo, wenye asili ya ng'ambo ya maji, kwa hiyo Mwirani wa nje si lazima umtafute California.

Dhana: Anayejiita "Persian" anaficha asili yake

Hii ina chembe ya ukweli, ndiyo maana inadai maneno mengi. Tarehe 4 Novemba 1979 ubalozi wa Marekani mjini Tehran ulivamiwa, na Wamarekani 52 wakashikiliwa kwa siku 444. Wakati huo vyuo vya Marekani vilikuwa na wanafunzi wa Kiirani zaidi ya 50,000, wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote ya kigeni. Vijana waliolala wanafunzi wakaamka maadui. "Irani" likawa neno la kutupiwa mtu barabarani; "Persian" lilileta mazulia, paka na mashairi. Wengi wakalishika hilo la pili. Mohammad akawa Mo, Fereydoun akawa Fred.

Lakini kuliita neno hilo uongo ni kuonea. Wageni waliiita nchi Persia mpaka serikali ya Reza Shah, baba wa mfalme huyo aliyepinduliwa, ilipotaka, mwaka 1935, litumike Iran, jina ambalo wenyeji walikuwa nalo siku nyingi. Kasoro ya "Persian" iko kwingine: linawaacha watu nje. Mwazeri wa Tabriz, Mkurdi wa Sanandaj na Mbaluchi wa Zahedan ni Wairani bila kuwa Waajemi. Binti wa Kikurdi aliyezaliwa Stockholm akiambiwa "nyinyi Persians", ana haki ya kununa. Na tusicheke sana, maana "Mwajemi" letu lina tundu hilohilo.

Dhana: Wote waliondoka 1979, na mali zao

Wapo walioondoka hivyo. Wapo pia vijana waliovuka milima usiku kuingia Uturuki wakikwepa vita na Iraq vya 1980 hadi 1988, Wabahai, wafuasi wa dini ya Kibahai iliyozaliwa Iran, waliofungiwa milango ya vyuo vikuu, na walioondoka baada ya maandamano ya 2009 ya kupinga matokeo ya uchaguzi. Ndege ya abiria ya Ukraine iliyodunguliwa karibu na Tehran tarehe 8 Januari 2020 iliua watu wote 176 waliokuwemo, na wengi wao walikuwa safarini kwenda Kanada: wanafunzi, wahadhiri, madaktari, familia zilizotoka likizo. Dhahabu ya Shah haimo katika orodha hiyo.

Dhana: Ni jumuiya moja, ya Kiislamu

Los Angeles, ambayo wenyewe huitania Tehrangeles, inatosha kuiangusha. Jimmy Delshad, Myahudi mzaliwa wa Shiraz, alikuwa meya wa Beverly Hills, mji uliozungukwa na Los Angeles, mwaka 2007. Ukienda Glendale, mji jirani, utakutana na Waarmenia waliokulia Tehran. Wapo Wazoroastria wa dini ya kale ya Uajemi, Wabahai, Waislamu, na wengi wasiosali popote. Siasa ndiyo usiseme. Oktoba 2022, baada ya kifo cha Mahsa Amini, msichana wa Kikurdi aliyefia mikononi mwa polisi wa maadili wa Iran, polisi wa Berlin walikadiria waandamanaji 80,000, kilio kimoja lakini bendera mbalimbali: huku ya simba na jua, iliyokuwa ya Iran kabla ya mapinduzi, kule ya Kikurdi.

Dhana: Mtoto asiyejua kusoma Kiajemi amepotea

Hii huenezwa na wazazi wenyewe. Ni kweli wengi wa waliozaliwa nje huongea cha jikoni tu, na darasa la mwishoni mwa wiki hulihudhuria kwa kusukumwa. Lakini tazama Nowruz. Mwaka mpya wao huingia dakika ileile jua linapovuka ikweta, popote ulipo duniani. Mwaka 2025 ilikuwa saa 6:31 mchana Tehran, na Los Angeles saa 8:01 usiku. Kijana wa huko aliyekaa macho mpaka wakati huo, mbele ya meza yenye siki, kitunguu saumu, tofaa na ngano iliyochipuzwa kwenye sahani, vyote vikianza na herufi S kwa Kiajemi, kapotea wapi? (Ndiyo Nairuzi yetu hiyo, ile ya Mwaka Kogwa wa Makunduchi, ambayo kwa kukosa mwaka mrefu kwenye kalenda yake imeteleza mpaka Julai.)

Wanapokwama kweli ni kwenye taarof, adabu ya kukataa na kusihiana. Uliza bei ya pistachio kwenye duka la Kiirani, muuzaji atakuambia "ghabel nadare", haina thamani mbele yako. Mtoto wa ughaibuni hushukuru na kutaka kuondoka nazo. Mswahili aliyezoea "karibu tule" ya mpita njia angeelewa mara moja kwamba pochi inatakiwa itoke.

Na majina ya udugu hawayaachi. Khale ni dada wa mama, ame dada wa baba, dayi mjomba, amu ami, na rafiki wa wazazi naye huwa khale au amu hata kama hakuna damu. Mwaka 2017, serikali ya Marekani ilipozuia wasafiri wa Iran na nchi nyingine kadhaa, ilisema bibi na babu hawahesabiwi ndugu wa karibu. Hawa hawa waliodhaniwa wamepotea wakajaza Instagram picha za bibi zao: bibi na kikombe cha chai, bibi na mjukuu mapajani, bibi na miwani imeshuka puani. Julai mwaka huohuo jaji wa Hawaii akaamuru bibi ahesabiwe.