Bangi Haikutoka kwa Mwingereza

Juzi kwenye matatu ya Ngong Road, redio ikisoma habari za magunia yaliyonaswa barabarani, abiria mmoja alimsahihisha mwenzake: "Neno lenyewe ni bhang. Bangi ni sisi tumelibananga tu, kama tulivyofanya blanketi." Nilinyamaza mpaka nikashuka, na bado linaniwasha.

Maana haina utata. Bangi ni mmea ambao wataalamu huuita Cannabis sativa, na pia majani na maua yake yaliyokaushwa, yale yanayovutwa. Mtaani kuna ndom na ngwai, na kesho kutakuwa na jingine, kwa sababu jina la mtaani polisi wakishalizoea halina kazi tena.

Utamu uko kwenye asili. Kisanskriti kilikuwa na bhanga, Kihindi kikabaki na bhang, Waajemi wakasema bang. Kiarabu fasaha hakina sauti ya g, basi huko likawa banj, na maana nayo ikahama: leo banj ni dawa ya ganzi, ile anayodungwa mgonjwa kabla ya kupasuliwa. Letu limebaki na g yake. Lilivuka Bahari ya Hindi, bahari ile ile iliyotuletea bangili, ingawa bangi na bangili hazina undugu wowote, zisichanganywe.

Na lilivuka zamani. Mreno Garcia de Orta, daktari, aliliandika bangue huko Goa, pwani ya India, mwaka 1563. Mwenzake João dos Santos, padre aliyewahi kukaa Sofala, pwani ya Msumbiji, alilitaja tena kwenye kitabu chake cha 1609, safari hii likiwa kwa watu wa kusini mwa Afrika. Washona wa Zimbabwe mpaka leo husema mbanje. Himaya ya Waingereza hapa kwetu ilitangazwa 1895. Hesabu mwenyewe nani alitangulia.

Kosa la yule abiria naona lilipoanzia: magazeti yetu ya Kiingereza huandika bhang, kwa hiyo mtu anadhani hiyo h imetoka London. Imetoka India, na tena tumeibandika mahali si pake. Kwa Mhindi, bhang haivutwi. Ni majani yaliyopondwa yakawa kama uji mzito, yakachanganywa na maziwa, sukari na viungo, watu wakanywa, hasa Holi, sikukuu ya Wahindu. Maua yanayovutwa ni ganja. Utomvu wake ni charas. Vitu vitatu, majina matatu, na tofauti hiyo ina uzito mpaka kwenye sheria: ile ya India ya 1985 inakataza ganja na charas, lakini majani matupu imeyaacha nje, ndiyo maana mji wa Varanasi, kaskazini mwa India, kuna maduka ya bhang yenye leseni ya serikali. Sisi tukachukua jina la kinywaji tukaupa moshi. Si dhambi, maneno husafiri hivyo, na kwa Kiswahili bangi imeshakuwa yetu na inajumlisha yote.

Kwa hiyo ndugu yangu wa kiti cha nyuma, sema bangi bila wasiwasi, na bila h. Hiyo bhang iweke kwa siku utakapofika Varanasi, ila uwe na kiu, kwa sababu utakacholetewa ni glasi.