Fidia ya kazini Ohio: kwa nini uzembe wa mfanyakazi si hoja

Miongoni mwa wenye biashara ndogo wanaozungumza Kiswahili mjini Columbus, Ohio, nchini Marekani, iwe ni kampuni ya usafi, ya malori au ya kuhudumia wazee majumbani, kuna kauli inayorudiwa mno: "Kaumia kwa uzembe wake mwenyewe, fidia ya nini?" Wafanyakazi nao wana ya kwao, kwamba mwajiri asipopatikana na kosa, hakuna la kudai. Kauli zote mbili zinachanganya bima ya fidia kwa wafanyakazi na fidia inayoamriwa na mahakama baada ya kesi, nayo ni mambo mawili tofauti.

Maana yenyewe haihitaji maneno mengi. Katika jimbo la Ohio, hii ni bima ambayo mwajiri huilipia ili mfanyakazi akiumia au akiugua kwa sababu ya kazi, agharimiwe matibabu na kulipwa sehemu ya mshahara anaoukosa, na akifariki, wategemezi wake walipwe. Mwenye mfanyakazi hata mmoja anawajibika kuwa nayo. Inapatikana kwa idara ya serikali ya jimbo inayojulikana kwa herufi BWC, na si kwingine, isipokuwa kwa makampuni makubwa yaliyoruhusiwa kujidhamini yenyewe. Mkenya aliyeizoea sheria ya WIBA ya mwaka 2007, ambayo humtaka mwajiri anunue bima kwenye kampuni iliyoidhinishwa, atazunguka kwa mawakala wa Ohio na kurudi mikono mitupu, kwa kuwa bima hii haiuzwi huko na kampuni binafsi. Ohio ina wenzake watatu tu katika utaratibu huo: North Dakota, Washington na Wyoming.

Sasa turudi kwenye uzembe. Chukulia mama anayemhudumia mzee nyumbani. Mwongozo wa kampuni unasema mgonjwa mzito ainuliwe na watu wawili. Mwenzake amechelewa, mzee amebanwa na haja, naye anaamua kumwinua peke yake mpaka kwenye kiti cha magurudumu, mgongo unateguka. Kwa utaratibu wa zamani, angelazimika kumfungulia mwajiri kesi na kuthibitisha kwamba mwajiri ndiye aliyekosea, na mwajiri angejikinga kwa ngao tatu. Angesema kwanza kwamba mama huyu alichangia kuumia kwake kwa kuukiuka mwongozo. Angesema pili kwamba kuinua watu wazito ndiyo kazi aliyoiomba, na hatari yake aliijua tangu siku alipoikubali. Angemalizia kwa kusema kwamba kama kuna wa kulaumiwa ni mfanyakazi mwenzake aliyechelewa, basi akamdai huyo. Ngao moja kati ya hizo ilitosha kumwangusha mdai, na huyu wetu angekutana nazo zote.

Hali hiyo ndiyo iliyozaa sheria ya Ohio ya mwaka 1911, ambayo mwanzoni ilikuwa ya hiari. Mwaka 1912 wapigakura waliibadilisha katiba ya jimbo ili mwajiri aweze kulazimishwa kuchangia mfuko, na mwaka uliofuata ulazima ukaingia katika sheria. Yalikuwa makubaliano ya nipe nikupe: mwajiri alizitupa ngao zake tatu, na mfanyakazi aliachana na haki ya kumshtaki mwajiri kwa ajali ya kawaida ya kazini. Ndiyo maana yule mama analipwa leo bila mtu kuuliza nani alikosea. Ndiyo maana pia analipwa kidogo kuliko anavyotarajia mtu aliyesikia habari za kesi za mamilioni. Maumivu na mateso hayana bei katika utaratibu huu. Kwa muda asioweza kufanya kazi kabisa, hupata asilimia 72 ya mshahara wake wa wiki kwa wiki 12 za mwanzo, kisha theluthi mbili ya wastani wa mshahara huo, yote chini ya kikomo cha jimbo; na siku saba za kwanza hazilipwi mpaka kutokuwapo kwake kazini kufikie wiki mbili.

Si kwamba mwenendo wa mfanyakazi haupimwi kamwe. Aliyejiumiza kwa makusudi hapati kitu, na vivyo hivyo aliyeumia kwa sababu ya ulevi. Lakini uzembe, haraka, kusahau, kujifanya una nguvu kuliko ulivyo, yote hayo yamo ndani ya bima, kwa sababu ajali nyingi za kazini ndivyo zinavyotokea.

Kosa la mwajiri, kwa upande wake, lina uzito katika sehemu chache. Akivunja kanuni mahususi ya usalama na mtu akaumia kwa sababu hiyo, huamriwa kulipa nyongeza ya kati ya asilimia 15 na 50 ya kiwango cha juu cha malipo, na nyongeza hiyo hutoka mfukoni mwake mwenyewe, kwani hairuhusiwi kukatiwa bima. Akidhamiria kumdhuru mfanyakazi, mlango wa mahakama uko wazi. Na asipokuwa na bima kabisa, anashtakiwa kama zamani, isipokuwa zile ngao tatu hana tena. BWC nayo humlipa majeruhi kisha ikamdai mwajiri kila dola iliyotumika. Hapo ndipo kauli ya "uzembe wake" inapokuwa ghali kweli kweli.

Hata gharama ya bima haijali kosa. Mtanzania amezoea Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambako mwajiri huchangia asilimia 0.5 ya mishahara, kazi iwe ya ofisini au ya mgodini. Ohio hupanga kiwango kwa kila dola 100 za mishahara kulingana na aina ya kazi, hivyo karani hugharimu kidogo sana na mwezeka mapaa hugharimu mara nyingi zaidi. Tuseme kiwango ni dola 1.50: mishahara ya dola 200,000 kwa mwaka italeta bima ya dola 3,000, kabla ya tozo na marekebisho. Marekebisho hayo hutazama madai ya miaka iliyopita yaligharimu kiasi gani, wala hayaulizi nani aliteleza. Mwaka wa bima huanza Julai 1, na kufikia Agosti 15 mwajiri anatakiwa awe ametoa taarifa ya mishahara aliyolipa hasa katika mwaka uliomalizika, si ile aliyokadiria.

Wako wanaodhani fomu 1099, ile ya kodi anayopewa mkandarasi asiye mwajiriwa, inawaondoa katika haya yote. Kumwita mtu mkandarasi hakumfanyi awe mkandarasi ikiwa wewe ndiye unayempangia saa, vifaa na namna ya kufanya kazi. Na mkandarasi mdogo asiyelipa bima huweza kukuachia wafanyakazi wake wahesabiwe kuwa wako.

Mwajiri bado ana haki ya kulipinga dai, na shauri likifika mbali husikilizwa na Tume ya Viwanda ya Ohio. Ila swali linalosikilizwa huko ni kama mfanyakazi alikuwa kazini na kama kuumia kwake kumetokana na kazi hiyo. Mwenye ushahidi kwamba mgongo ule uliteguka Jumapili kwenye mpira ana hoja nzuri na aipeleke. Mwenye mwongozo wa kuinua wagonjwa kwa watu wawili ataulizwa tu kama mzee aliyeinuliwa alikuwa mteja wa kampuni yake.