Sikukuu Haina Likizo ya Dawa: Maswali na Majibu kwa Wenye Kisukari na Presha

Kila Desemba Wachaga wanapanda kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko kuja kula sikukuu nyumbani Kilimanjaro. Mbuzi wanachinjwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, inaiva. Januari ikifika tunawapokea kliniki: huyu sukari imepanda mpaka mashine inashindwa kuisoma, yule kaletwa na ndugu, upande mmoja wa mwili hauna nguvu. Haya ni maswali tunayoulizwa kila msimu.

Kisukari na presha ni nini hasa?

Kisukari ni sukari kuzidi kwenye damu kwa sababu insulini, kichocheo cha mwili kinachoshusha sukari, ni pungufu au haifanyi kazi vizuri. Presha ya juu ni damu kusukuma mishipa kwa nguvu kupita kiasi, yaani 140/90 kwenda juu ikipimwa zaidi ya mara moja. Yote mawili yanaweza kukaa mwilini bila kuuma. Usipoumwa usidhani umepona.

Krismasi nitakunywa kidogo. Si bora niache dawa siku hiyo visije vikagongana?

Hapana. Hili ndilo linalotuletea wagonjwa mahututi, kwa hiyo nitalirudia: usiache dawa ili unywe pombe. Ukiruka dawa ya presha, presha inapanda, na pombe nyingi inaipandisha zaidi. Ukiruka dawa ya sukari halafu ukala pilau na soda, sukari inapaa. Kama viwili hivyo haviendani, acha pombe. Dawa endelea nayo.

Kwa anayechoma insulini au kumeza glibenklamidi (vidonge vya kushusha sukari) kuna hatari nyingine. Ini likishughulika na pombe linapunguza kutoa sukari kwenye damu, na saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, sukari inashuka ghafla. Mgonjwa anatoka jasho, anatetemeka, anaongea ovyo. Ndugu wanasema, "Mzee amelewa, mwacheni alale." Jamani, msimwache alale! Kama anaweza kumeza, mpeni vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Subirini dakika 15, na kama bado hajawa sawa mpeni tena kiasi kilekile. Akipata nafuu, ale chakula. Kama hajitambui msimtie kitu chochote mdomoni. Mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali.

Na nikiacha siku mbili tatu tu, bila pombe, nipumzishe mwili?

Hapana tena. Mwili haupumziki kwa kukosa dawa. Ninapomuuliza mgonjwa dawa ziko wapi, jibu ninalolisikia sana ni, "Nimeziacha Dar, nilijua nakuja siku chache." Nikifungua kadi yake naona vipimo vizuri mpaka Novemba, halafu presha 210/120. Dawa zifungwe kwenye begi kabla ya nguo, na ziwe za kutosha mpaka siku ya kurudi pamoja na akiba.

Nile nini basi kwenye meza ya sikukuu?

Kula chakula cha nyumbani, ila kipange. Nusu ya sahani iwe mboga: mnafu, mchicha, kabichi, kachumbari. Robo iwe nyama isiyo na mafuta, samaki au maharage. Robo iliyobaki ni wanga, na hapa ndipo watu wanapojidanganya. Ndizi ni wanga. Wali, viazi na chapati ni wanga pia. Mama anakula mtori, ile supu ya ndizi, anafuatisha pilau, anamalizia na chapati, kisha anashangaa sukari imetoka wapi wakati hakugusa keki! Chagua kimoja.

Soda moja ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai kama vinane au tisa. Kunywa maji. Juisi ya boksi haina nafuu, na asali ni sukari vilevile.

Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, ukihesabu na iliyomo kwenye supu. Ile ya kuchovea nyama choma iondoke mezani.

Nikishinda njaa ili nile vizuri jioni?

Usifanye hivyo, hasa kama unatumia insulini. Mchana sukari itashuka, na jioni utakula kwa pupa mpaka ipande. Kula kwa saa zako za kawaida.

Maji ya moto na limao hayakati mafuta?

Hayakati. Limao likamue kwenye kachumbari badala ya chumvi, hapo linasaidia. Lakini limao, kitunguu saumu na mlonge havishiki nafasi ya dawa yako, hata siku moja.

Insulini nasafiri nayo vipi?

Kaa nayo kwenye mkoba, usiiache kwenye buti la gari au juani. Ukiiweka na barafu, izungushie kitambaa, kwa sababu ikiganda imeharibika.

Baba kapinda mdomo ghafla usiku. Tusubiri kukuche?

Msisubiri! Mdomo kupinda, mkono kulegea, maneno kutotoka vizuri: hicho ni kiharusi mpaka daktari aseme vinginevyo. Msimkande, msimnyweshe, msimwongezee dawa ya presha. Kumbukeni saa aliyokuwa mzima mara ya mwisho, kwa sababu daktari ataiuliza, na muende usiku huohuo. Wanaotaka kumwombea wamwombee mkiwa njiani.

Nimeshakaa siku nne bila dawa. Nimeze zote kwa pamoja?

Hapana. Vidonge vyako vya presha au sukari anza leo kwa kipimo chako cha kawaida, usifidie vilivyopita, kisha nenda kituo cha afya kilicho karibu wakupime sukari na presha. Anayechoma insulini aende leo hii apimwe na kuelekezwa namna ya kuanza tena. Ukianza kutapika, kupumua haraka au kukosa nguvu, nenda hospitali moja kwa moja. Usingoje tarehe ya kliniki.