Je, Wajua? Hela Ikiingia Kimakosa, Anayepiga Simu Si Lazima Awe Mwenyewe

Hela ikiingia kwenye simu yako kimakosa, unamrudishia nani? Hili swali nilijua jibu lake kwa miaka, na nilikuwa nimekosea. Nimekaa kwa wakala pale Mbuyuni, Moshi, simu ikaita: nimepokea shilingi 85,000 kutoka kwa mtu nisiyemjua. Dakika mbili hazijapita, kaka mmoja mwenye haraka akapiga. Amekosea namba, mama yake yuko hospitali, nimrudishie, ila kwenye namba nyingine kwa sababu hii ina tatizo.

Nilikuwa nimeshaanza kubonyeza. Mwungwana hangoji kesho kurudisha cha mtu.

Wapo wenye jibu la kinyume, kwamba hela iliyoingia ni riziki. Hao tuwamalize haraka: Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 72, inamtaka aliyelipwa fedha kimakosa azirudishe. (Kifungu hicho kinafanana karibu neno kwa neno na cha sheria ya India ya mwaka 1872, ambako mfano wake ni deni la rupia 100 lililolipwa mara mbili. Leo kinaamua hela ya simu Mbuyuni.) Ukiila huku unajua si yako, unaikaribia Kanuni ya Adhabu, upande wa wizi.

Ila kosa langu mimi lilikuwa la wale waaminifu. Nilidhani wajibu wa kurudisha ni wajibu wa kumpa anayeomba. Sio. Unamrudishia aliyelipa.

Chukulia uko kwenye Kosta ya Moshi kwenda Arusha, siti ya katikati. Mama wa nyuma anapitisha noti ya elfu kumi, mkono kwa mkono hadi kwa konda. Chenji inarudi kwa njia ileile na kukufikia wewe. Kijana wa dirishani anasema, "Lete, ni yangu." Unampa. Boma Ng'ombe kijana anashuka. Mnafika Usa River, mama anauliza chenji yake, na gari zima limeona ilipoishia: mkononi mwako.

Matapeli wanafanya hivyo hivyo. Mmoja anatangaza simu ya bei chee mtandaoni, mnunuzi yuko Mwanza, anapewa namba yako ndiyo alipie. Hela inakufikia wewe, tapeli anakupigia, unaipitisha. Mnunuzi akilalamika, kumbukumbu za muamala zina jina lako. Na kama mtandao ukirudisha muamala wake kutoka kwenye salio lako, 85,000 uliyotuma kule pengine ilikuwa yako.

Hapa sheria haijanyooka sana. Kifungu cha 72 kinataja makosa na kulazimishwa, hakitaji utapeli. Mnunuzi wa Mwanza hakukosea namba, alidanganywa, na mawakili wanaweza kubishana hapo hadi jioni. Kosa la kupokea mali ya wizi nalo linamtaka mpokeaji awe alijua au alikuwa na sababu ya kuamini. Kwa hiyo asiyeshuku kitu ana utetezi. Lakini mtu anayeng'ang'ania namba nyingine, sijui tuiite nini kama si sababu.

Dada wakala ndiye aliyenizuia. "Kaka, hebu soma meseji. Aliyetuma ni nani?" Nikasoma: jina la mwanamke. Anayepiga alikuwa na sauti ya kiume, nzito.

Akanifanya niangalie salio kwanza, maana mara nyingi hela yenyewe haipo, meseji imetengenezwa tu kutoka namba ya kawaida. Yangu ilikuwepo. Akasema usiiguse, piga huduma kwa wateja, wao wanamwona aliyetuma na wanairudisha ilikotoka. Namba ya yule kaka nikaituma 15040, ambako mamlaka ya mawasiliano inapokea taarifa za utapeli.

Kaka mwenyewe alipiga mara nne. Mara ya nne mama alikuwa ameshafariki, na namba ya kutuma ilikuwa imebadilika tena.