Kwa Nini Samaki Walipiga Vichwangomba Ndani ya Skylab

Maswali kuhusu wanyama waliopelekwa angani yamekuwa yakitufikia kwa wingi, na mengi yana dhana moja ambayo lazima irekebishwe kwanza. Si kweli kwamba angani hakuna mvutano. Skylab, kituo cha anga cha Marekani, ilipozunguka, takriban kilomita 435 juu ya ardhi, mvutano wa dunia ulikuwa bado karibu asilimia 90 ya huu wa hapa chini. Mnyama aliyekuwamo alielea kwa sababu yeye, maji yake na chombo chenyewe vilikuwa vikianguka pamoja bila kukoma.

Kinachovurugika ni kazi ya vijiwe vya sikio la ndani, ambavyo ardhini hulalia vinyweleo na kuviinamisha, ubongo ukatambua chini ni wapi. Mwaka 1973, ndani ya Skylab, samaki wawili wadogo aina ya mummichog, wakiwa katika mfuko wa maji, walianza kupiga vichwangomba mfululizo. Baada ya wiki takriban 3 walitulia, wakawa wanaelekeza migongo kwenye mwanga, kana kwamba macho yameshika kazi ya sikio. Lakini mfuko ukitikiswa, walianza tena. Vifaranga vilivyoanguliwa humo humo viliogelea vizuri tangu mwanzo.

Wanaodhani wanyama hawa huchukuliwa ovyo tunawafahamisha kwamba nchini Marekani utafiti wa wanyama wenye uti wa mgongo unaogharimiwa na NASA, shirika la anga la nchi hiyo, hupitia kwanza kamati ya ustawi wa wanyama, ambayo lazima iwe na daktari wa mifugo na mjumbe asiye na uhusiano na taasisi husika, hukagua mabanda kila baada ya miezi 6, na inaweza kusimamisha utafiti, ambapo sababu huripotiwa kwa mamlaka kwa maandishi.

Yavuyavu, ambao wengine pwani huwaita konyeza, hawana uti wa mgongo, lakini wametufunza mengi. Pembeni mwa mwavuli wao mna vifuko vyenye fuwele za jamii ya jasi, na yavuyavu akiinama, fuwele hulalia upande mmoja wa kifuko. Juni 1991 chombo cha Columbia kilibeba wachanga takriban 2,500 kwa siku 9, wakazaliana hadi maelfu kwa maelfu. Waliokulia angani walikuwa na fuwele zao, lakini waliporejeshwa ardhini, wengi wao kuliko wenzao waliobaki walipigapiga mwavuli isivyo kawaida na kushindwa kujielekeza majini.